Jina Katika Daftari

Msomaji wangu, itazame sare uliyoivaa leo. Kabla haijakufikia ilipita katika mikono ya watu wengi, na yamkini hakuna hata mmoja wao aliyeilipia siku ile ile alipoipokea. Kiwanda kilimpa mwenye duka la jumla vitambaa, kikangoja. Mwenye duka la jumla alimpa fundi majora, akangoja. Fundi aliipelekea shule nguo, akangoja. Na mzazi wako naye pengine alitoa fedha kwa mafungu mawili au matatu, na shule ikangoja. Nguo hiyo imeshonwa kwa uzi, lakini imefika kwako kwa kuaminiana. Kama mmoja tu katika watu wale angesema, "Sikujui, kwa hiyo sikupi," ungekuja darasani na nguo za nyumbani.

Nataka kuzungumza nawe juu ya kuaminiana huko, na hasa juu ya jinsi mtu mwenye biashara ndogo anavyoweza kujijengea jina la kukopesheka. Mimi ni mwalimu, si mfanyabiashara. Lakini dada yangu mkubwa ni fundi wa sare mjini Nakuru, na kwa miaka mingi kila Jumamosi nimekuwa nikikaa mwisho wa meza yake ya kukatia nguo, nikimsaidia kuandika daftari lake. Mengi nitakayokueleza niliyaona kutoka mwisho wa meza ile.

Nakuru ulizaliwa na reli mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya mlima Menengai na ziwa, na tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Ujapokuwa jiji, bado unalishwa na mashamba. Viazi huja kutoka Molo, ngano kutoka Njoro, mbao kutoka Elburgon, mahindi kutoka Subukia na Bahati. Basi fedha za huku huja kwa msimu, walakini njaa, maradhi na karo haziji kwa msimu. Mkulima atakaye sukari mwezi wa Juni huwa hana fedha mpaka avune, na mwenye duka asiyeweza kumngoja hana wateja. Ndiyo maana katika Bonde la Ufa la kati, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, kila duka lina kibao ukutani kisemacho "Leo taslimu, kesho mkopo," na chini ya meza lina daftari la mikopo lililojaa majina.

Wazee wetu walikuwa na neno kwa biashara ya namna hii: mali kauli, yaani mali itolewayo kwa neno la mtu kabla ya fedha yake kuonekana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilifunga safari kwa mali kauli. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, walitoa nguo na shanga kwa viongozi wa misafara, wakangoja miaka mpaka pembe za ndovu zirudi. Tippu Tip mwenyewe, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, ataja mali aliyoichukua kwa mkopo. Biashara ile ilikuwa na watumwa ndani yake, na sina haja ya kuisifu. Nataka uone tu kwamba kauli ya mtu ilikuwa mtaji mkubwa kuliko fedha zilizokuwa mfukoni mwake.

Dada yangu alianza hivyo hivyo, ingawa kwa mali ndogo. Alikuwa na cherehani moja ya miguu na kibanda kisichozidi hatua nne kwa tatu. Mwaka mzima alinunua kitambaa kwa taslimu katika duka moja la jumla, mita kumi leo, mita sita wiki ijayo. Mzee mwenye duka hakumsemesha sana, ila alikuwa akimtazama. Mwaka ulipokwisha akamsukumia jora moja la kitambaa cha kijani juu ya meza, akamwambia, "Mama, chukua. Utanilipa Jumamosi." Dada alimlipa Ijumaa. Tangu siku ile alikuwa na ukurasa wake katika daftari la mzee yule, na ukurasa ule ulikuwa na thamani kuliko cherehani. Cherehani ilishona kile alichokuwa nacho tu. Ukurasa ulimpa cha kushona.

Lakini, msomaji, sifa ya namna hii ina upungufu mmoja mkubwa: haivuki barabara. Imekaa katika saraka ya mtu mmoja, na siku atakapokufa au atakapouza duka lake, itakwenda naye.

Upungufu huo tuliuona Novemba 2017. Shule moja ilimwagiza dada sare 150 za kuanzia muhula wa kwanza. Haijapata kumjia kazi kubwa kama ile. Nilikaa mwisho wa meza tukapiga hesabu. Vitambaa, vifungo na uzi vya sare moja vilikuwa shilingi 900. Kwa hiyo zote zilihitaji shilingi 135,000. Dada alikuwa na akiba ya shilingi 25,000. Mzee wa duka la jumla alikuwa tayari kumpa mali ya shilingi 50,000 na si zaidi, maana mwezi ule kila fundi alikuwa mlangoni pake. Zilipungua shilingi 60,000. Akavaa nguo yake ya Jumapili akaenda benki.

Wakamwuliza hati ya shamba. Baba yetu alikuwa na kipande cha ardhi katika shamba moja la zamani la mlowezi, lililonunuliwa na watu wengi kwa kuchanga baada ya Uhuru. Lakini kama wenzake wengi wa mkoa huu alifariki akiwa na hati ya hisa tu, iliyokunjwa mara nne, na hati miliki haijatoka. Wakamwuliza cheti cha jina la biashara, hakuwa nacho. Wakamwuliza taarifa ya akaunti ya miezi sita. Fedha za wateja ziliingia katika simu yake mwenyewe, zikachanganyika na michango ya harusi, zamu za chama na karo za wanawe, hata asingeweza mtu kujua ipi ni ya biashara na ipi ni ya matanga. Mwisho wakatazama rekodi yake ya mikopo. Ilikuwa nyeupe. Yule ofisa, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Mama, hatusemi kwamba wewe ni mbaya. Hatukujui tu."

Jioni ile nilimwambia dada kwamba nitakopa mimi. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu hupata mkopo kwa karatasi ya mshahara wake kwa upesi kuliko kupata maji ya bomba, na shilingi 60,000 zingetoka kwa siku mbili. Dada katika mwezi mzuri alikuwa akipata zaidi yangu. Kwa nini basi benki iniamini mimi, isimwamini yeye? Si kwa wema wangu. Benki ilijua ni nani anilipaye, siku gani, na kiasi gani. Iliamini karatasi, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya karatasi hiyo.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ahsante, Mwalimu. Lakini deni likikaa kwa jina lako, jina langu litakua lini?"

Akashona sare 80, kadiri fedha ilivyomruhusu, na nyingine 70 zikaenda kwa fundi mwingine. Hakuna aliyemsikia akinung'unika, ila mashine yake ilikuwa ikilia mpaka usiku wa manane, kama mtu anayejibizana na jambo.

Usidhani kwamba weupe wa karatasi ile ulikuwa neno la dada yangu peke yake. Una historia ndefu, na sehemu yake ilipita hapa hapa. Wakati wa ukoloni Nakuru ulikuwa kama mji mkuu wa walowezi. Chama chao cha wakulima, KFA, kilikuwa na makao yake makuu hapa, na tangu mwaka 1931 ilikuwapo Benki ya Ardhi na Kilimo iliyowakopesha kwa dhamana ya mashamba yao. Mlowezi aliyeharibiwa na nzige au na bei mbaya ya mahindi alikuwa na mlango wa kubisha. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba katika nyanda zile. Kwa hiyo hakuwa na hati ya kuweka rehani. Tena palikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika. Kwa sheria hiyo asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, bila mkataba kuidhinishwa na ofisa wa serikali, hakuweza kumdai mbele ya mahakama. Nani atakayempa mtu mali ambayo hawezi kuidai? Watungaji wa sheria hiyo walisema walikuwa wakimkinga Mwafrika na madeni. Kinga hiyo ni sawa na kumkinga mtoto asizame kwa kumkataza asijifunze kuogelea. Ilifutwa Uhuru ulipokaribia, lakini vizazi viwili vya wenye maduka vilikuwa vimekwisha kuzoea kwamba benki ni nyumba ya wengine.

Pengine utaniuliza, rekodi yenyewe ni kitu gani, na nani aliyeibuni? Kwa ajabu, aliyeanzisha alikuwa mtu wa vitambaa kama dada yangu. Lewis Tappan wa New York alikuwa akiuza hariri pamoja na nduguye. Katika msukosuko wa fedha wa mwaka 1837 duka lao lilikwama, kwa kuwa wateja wao wa miji ya mbali walikuwa wamechukua mali kwa mkopo na hawakuweza kulipa. Mwaka 1841 Tappan akafungua ofisi ya kukusanya habari za wenye maduka. Wanasheria na watu wengine wa miji ile walimwandikia barua: fulani ana mali gani, hulipa kwa wakati, ni mlevi, ni mkweli? Makarani walinakili barua hizo katika madaftari makubwa, na wauzaji wa jumla walilipa ada ili wasomewe. Bwana huyu alikuwa pia mpinzani mkali wa utumwa, jambo ambalo namheshimu kwalo zaidi. Maana madaftari yale yalikuwa na uzuri na ubaya pamoja: yalivusha sifa ya mtu kutoka mji mmoja hadi mwingine, lakini aliyesengenywa ndani yake hakuwa na njia ya kujitetea.

Kwetu Kenya kanuni za ofisi za namna hii zilitolewa mwaka 2008, na ofisi ya kwanza ikapewa leseni mwaka 2010. Watu huziita kwa herufi tatu, CRB, na wengi hulitaja jina hilo kama watajavyo gereza. Woga huo una sababu, kwa kuwa hapo mwanzo zilipelekewa habari za wasiolipa tu. Kanuni za mwaka 2013 ndizo zilizotaka habari za wanaolipa vizuri nazo zipelekwe. Badiliko hilo ni kubwa kuliko lionekanavyo. Kabla yake, mtu asiyekopa kamwe na mtu akopaye na kulipa kwa uaminifu walikuwa sawa, wote hawajulikani. Baada yake, kulipa deni kukawa ni kuandika barua ya kujisifu kwa mkono wa mtu mwingine.

Yako mawili ambayo ningependa kila mwanafunzi ayajue kabla hajatoka shuleni. Kila mtu ana haki ya kupata nakala ya taarifa yake bure mara moja kila mwaka, na akiona kosa ana haki ya kulipinga. Na habari mbaya haifutiki siku ile deni linapolipwa. Hukaa miaka 5 zaidi. Nimeona watu wazima, walimu wenzangu miongoni mwao, ambao hawakuyajua haya mpaka walipokataliwa.

Sasa nirudi kwa dada. Januari 2018 alisajili jina la biashara, akachukua leseni ya kaunti, akafungua akaunti ya duka peke yake, na akapata nambari ya tili ili malipo ya wateja yasiingie tena katika simu yake. Kazi hizo zilikuwa za wiki tatu na hazina hadithi. Kazi ngumu ilikuwa kutenganisha fedha za duka na za nyumba. Mwanamke mwenye duka huonwa na jamaa zake kama kisima: kila mwenye kiu huja na ndoo. Dada alijiwekea mshahara wa wiki, na ulipokwisha alisema umekwisha, hata kwa mama yetu. Hapo ndipo daftari letu lilipoanza kuwa na maana. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, nami niliiona habari ile ikitokea ukurasa kwa ukurasa: kumbe vifungo vilikuwa vikimla faida kuliko kodi ya chumba.

Kadhalika alijiunga na chama cha akiba na mikopo. Walimu tunavifahamu vyama hivi. Hata Cosmopolitan, kimoja cha vyama vikubwa vya Nakuru, kilianza kama chama cha walimu. Kila Jumatatu aliweka shilingi 500, na mwaka ulipotimia alikuwa na shilingi 26,000. Vyama hivi aghalabu hukopesha hadi mara tatu ya akiba, ikiwa mwanachama ana wadhamini. Angeweza kuomba shilingi 78,000. Akaomba 30,000, anunue mashine ya ovaloki, ile ifungayo kingo za kitambaa zisichanike. Nilimwuliza kwa nini asichukue zote. Akanijibu kwamba deni la kwanza ni la kujipima, si la kutajirika. Alilimaliza kabla ya mwaka 2019 kwisha, na hakuna mwezi aliochelewa.

Niseme neno juu ya wadhamini, maana jambo hili huvunja ndugu. Kumdhamini mtu si kumsemea vizuri. Ni kuahidi kulipa asipolipa. Wanawake watatu walitia sahihi kwa ajili ya dada, na kila mmoja akiba yake ilifungwa kwa sehemu mpaka deni lilipokwisha. Yeye naye amewadhamini wawili kati yao. Wa tatu alipomwomba, alimwambia kwa upole kwamba hawezi, akamweleza na sababu. Hawakusalimiana kwa muhula mzima.

Ikaja Januari 2020. Dada alichukua mkopo wa pili, shilingi 70,000, akanunua vitambaa vya muhula wa pili mapema, bei ilipokuwa nafuu. Katikati ya Machi shule zote za nchi zikafungwa kwa sababu ya korona. Wewe msomaji labda ulikuwa mdogo, ukafurahia likizo. Fundi wa sare hakuwa na wa kumshonea. Majora yalilala kibandani kama wagonjwa, nayo tarehe ya kulipa haikujua kwamba kuna maradhi.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna hesabu inayolionyesha. Katika wiki ile ile ya kufungwa shule, kabla hajachelewa hata siku moja, dada alikwenda kwanza kwa mzee wa duka la jumla, akamwambia, "Mzee, nimekuja kabla ya deni halijanileta." Alikuwa na majora manne ambayo hayajakatwa. Mzee akayarudisha dukani mwake kwa bei ile ile, akampunguzia deni. Kisha dada alikwenda chamani na daftari letu kwapani, akawaonyesha mauzo ya miaka miwili na vitambaa vilivyobaki, akaomba muhula urefushwe na malipo yapunguzwe. Wakakubali. Benki Kuu nayo ilikuwa imeziruhusu benki kuwapa nafuu ya namna hiyo wateja walioathirika, na wengi walioomba mapema walipata. Walionyamaza na kuzima simu walikuja kutafutwa baadaye, wakati hakuna tena aliyetaka kusikia sababu.

Alishona barakoa. Zilikuwa kazi ya vipande vipande, faida yake shilingi chache kila moja, lakini zilimpatia fungu la kila mwezi. Shule zilipofunguliwa zote Januari 2021 aliendelea kulipa, na katikati ya mwaka ule deni likaisha. Mkopaji wa bahati nzuri hajulikani tofauti na mkopaji mwaminifu mpaka ije mvua ya mawe.

Miaka hiyo hiyo niliona njia nyingine ya kukopa, nyepesi mno, ikiwapitia vijana wa mtaa. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulianza kwetu Novemba 2012: shilingi 1,000 zilitolewa kwa dakika moja, na kwa siku 30 zilirudishwa 1,075. Asilimia 7.5 yaonekana ndogo. Lakini izidishe kwa miezi 12 upate 90, kisha uniambie ni biashara gani ya halali ipatayo faida hiyo. Hata hivyo mkopo ule si uovu. Mama wa mboga akichukua 1,000 alfajiri na kuuza kwa 1,400 kabla ya jua kutua, amefanya vyema. Ubaya umo katika wepesi wenyewe. Kijana mmoja, jirani wa kibanda cha dada, aliacha deni la simu la shilingi 600 akalisahau. Mwaka 2019 alitaka mkopo wa pikipiki, akaambiwa jina lake limeandikwa katika orodha. Shilingi 600! Tangu mwaka 2020 madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 hayapelekwi tena katika ofisi zile, nayo ni kanuni ya busara. Kabla ya sheria za mwaka 2021 na 2022 kuwaleta wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu, wako waliompigia mdeni simu, kisha mama yake, kisha mwajiri wake, ili kumwaibisha. Hilo si kudai. Ni kupora heshima.

Tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Naiheshimu methali hii, lakini yanenea deni la kula. Deni la mashine lililolipwa na mashine yenyewe halina matanga.

Novemba 2022, miaka 5 kamili baada ya siku ya karatasi nyeupe, dada alirudi katika benki ile ile. Alipeleka cheti cha jina, taarifa ya akaunti, na daftari, ambalo hakuna aliyemwomba. Mara hii rekodi yake ilikuwa na maandishi: mikopo miwili, yote imekwisha, mmoja umerefushwa kwa makubaliano. Nilidhani neno hilo la kurefushwa litamharibia. Ofisa akamwuliza, akaeleza, ofisa akaandika. Hati ya shamba bado hakuwa nayo, lakini sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana ya mali ihamishikayo yaruhusu mashine, mazao, mifugo, hata fedha ambazo mtu anadai kwa wengine, kuwekwa dhamana na kuandikishwa. Mashine zake tatu zikaandikishwa. Akapewa shilingi 150,000 kwa jina lake.

Ningependa kukomea hapo, kwa kuwa hadithi ingekuwa tamu. Lakini ningekuficha nusu ya mambo. Katika mwaka uliofuata shule moja, nayo si ile ya kwanza, ilichukua sare na kuahidi kulipa kabla ya muhula kwisha. Muhula ukaisha, na wa pili ukaisha. Mkuu wa shule alisema anangoja fedha za serikali, na huenda alisema kweli, maana fedha hizo huchelewa mara nyingi. Serikali za kaunti nazo zina madeni ya miaka mingi kwa watu waliowauzia dawa, mawe na chakula, na wako ambao mali zao zimepigwa mnada na benki huku serikali ikiwadaiwa. Hebu fikiri, msomaji. Fundi akichelewa miezi mitatu, jina lake hupelekwa katika ofisi ya rekodi na kukaa miaka. Shule ikichelewa miezi minane, nani huipeleka? Mdogo huandikwa na mkubwa huandika. Sijasikia mtu akieleza kwa nini yawe hivyo, nami nimeuliza katika mikutano ya wazazi zaidi ya mara moja, hata wenzangu wakaanza kutazama saa.

Kwa ajili ya fedha zile dada alikaribia kuchelewa fungu la benki mara mbili. Mara zote mbili alilitoa katika mshahara wake wa wiki, na nyumbani wakala ugali na sukuma bila nyama mpaka mwezi ukageuka. Anaagiza barua kwa shule kila mwisho wa mwezi, mimi nikiandika na yeye akitia sahihi, nakala moja ikibaki kwetu. Ziko nakala 11 sasa. Katika daftari deni hilo liko ukurasa wa 31: jina la shule, sare 34, shilingi 42,500, tarehe ya kupokelewa, sahihi ya mtunza bohari. Safu ya mwisho, ile ya malipo, nimeichorea mistari kwa rula kama kawaida, na bado iko tupu.